Kucha za Jumatatu

Kucha za mtoto wa mdogo wangu ziling'aa kabla hazijapakwa kitu chochote. Wateja wa saluni walimshika mkono, wakavigeuza vidole vyake kwenye mwanga wa mlangoni na kucheka. "Huyu kweli mtoto wa fundi. Mama yako amekupaka nini?" Mdogo wangu alitabasamu na kuendelea na kazi. Hakuwa amempaka kitu. Mtoto alikuwa anajikuna mchana kutwa, na kucha inayosugua ngozi kutwa nayo husuguliwa, ikatakata kama sakafu iliyopigwa nta. Wao waliona urembo. Mimi niliyekuwa nafua shuka zake niliona damu.

Alizaliwa na pumu ya ngozi. Ilianzia mashavuni, ikashuka viwikoni na nyuma ya magoti, na alipoanza kutambaa ikawa imeshafika mikononi. Jina la Kinanda nilimpa mimi, kwa sababu vidole vyake havikujua kutulia; hata akisinzia vilitembea juu ya blanketi kama vinatafuta wimbo. Watu husema mtu hujikuna ajipatapo. Kinanda alijipata kila mahali. Tuliishi watatu, yeye, mama yake, na mimi mama yake mkubwa, katika vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani yangu. Baba yake alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, na mwishowe akabaki kwenye kuondoka.

Nimtaje mdogo wangu vizuri, maana nitamsema sana na sitaki mtu adhani simpendi. Pale saluni walimwita Fundi. Kazi yake ilikuwa kucha: kukata, kupiga tupa, kupaka rangi, kubandika za bandia, kupaka jeli na kuikausha chini ya taa ya zambarau. Alikaa kwenye kiti kifupi karibu na mlango, mkono wa mteja umelala mbele yake juu ya taulo, na mikono hiyo aliijua kuliko sura za wenyewe. Angekwambia huyu anafua kwa sabuni kali, yule anazing'ata kucha mumewe akisafiri. Na walikuwa na msemo wao, kila aliyekalia kile kiti aliurithi: kucha ikiharibika, funika, ipumzike. Imepasuka, funika. Imekuwa ya manjano, funika. Mteja aliondoka anafurahi, na kilichokuwa chini hakikuonekana tena mpaka siku ya kuja kujazia.

Kinanda alipokaribia kuanza darasa la kwanza, zile kucha zake za kung'aa zikabadilika. Kwanza vikatokea vishimo vidogo vidogo, kana kwamba ncha ya sindano imepita juu yake. Nilimwonyesha subana yangu, ile kofia ya chuma ninayovaa kidoleni nikishona kitambaa kigumu, tukailinganisha na kidole gumba chake, akacheka akasema yeye amezaliwa fundi cherehani. Halafu ikaja mifereji, inakatiza kucha kwa upana. Kila ngozi ilipochachamaa, baada ya muda mfereji mwingine ulijitokeza karibu na nyama na kuanza safari ya kupanda. Kucha nyingine zikanenepa ukingoni na kugeuka rangi ya maji ya chai.

Shule ilikuwa ndiyo kila kitu kwake. Herufi alijifunza kwenye karatasi za mitindo yangu ya nguo, tarakimu kwenye utepe wangu wa kupimia. Siku niliyomaliza kumshonea sare alilala nayo kifuani, na asubuhi nikalazimika kuipiga pasi upya. Alitaka shule kuliko alivyotaka kupona.

Jumatatu, pale shuleni, ilikuwa siku ya kukagua kucha. Watoto walipanga mstari uwanjani, wakanyoosha mikono mbele, migongo ya mikono juu, vidole vimeachana, na mwalimu wa zamu akapita na rula. Mwenye kucha ndefu aliguswa kidogo na kuambiwa akazikate. Kwa Kinanda mwalimu alisimama. Akainama, akatazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Hizi ni fangasi," alisema. "Usishike vitabu vya wenzako. Nenda nyumbani, utarudi ukipona."

Alirudi peke yake kabla ya saa nne, mikono ya sweta imevutwa mpaka imefunika vidole. Hakulia. Alikaa chini ya meza ya cherehani, kati ya vipande vya vitambaa, na nilipomuuliza akanijibu kwa sauti ya mtu mzima, "Wameniambia nina uchafu usiotoka."

Mdogo wangu alinunua dawa ya fangasi, akampaka asubuhi na jioni. Ngozi ikaungua, vishimo vikabaki. Akanunua nyingine, ya bei ya kuumiza, nayo hivyo hivyo. Akaenda naye shuleni kumwombea arudishwe darasani. Mwalimu wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akasema hana ugomvi na mtoto, lakini ana watoto wengine darasani na wazazi wao wana midomo. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningekuwa na mahali pa kutua hasira zangu.

Wiki zikapita. Kila asubuhi Kinanda alivaa sare, akakaa dirishani akasikiliza wenzake wanavyoimba jedwali la kuzidisha upande wa pili wa ukuta wa shule. Aliimba nao kwa kunong'ona. Ukimwambia avue sare, alikuwa anakwambia anaijaribu tu.

Jumapili moja mchana mdogo wangu alirudi na mkoba wa kazini. Akavipanga vifaa vyake mezani pangu, juu ya gauni la mteja: tupa, chupa, brashi, ile taa yake ndogo. Akamkalisha Kinanda kwenye kiti changu.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nazifunika, dada. Jeli nyembamba tu, haina rangi. Hakuna atakayejua."

"Mtoto wa miaka saba na kucha za saluni?"

"Za saluni ni zile nyekundu. Hizi ni kucha tu. Zifunike, zipumzike, zitapona huko chini."

Alizipiga tupa mpaka vishimo vikalainika na kucha ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Kisha akapaka, akakausha, akapaka tena, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama anavyofanya tangu utotoni. Kinanda aliuingiza mkono chini ya taa akasema panachoma. "Vumilia, urembo una adhabu yake," mama yake akamjibu, ndivyo anavyowajibu wateja wote. Zilipokamilika, nilizitazama kwa karibu. Zilikuwa kucha za mtoto mzima wa afya, za waridi, zimekatwa fupi, zina mng'ao wa kiasi tu.

Mdogo wangu akamshika mabega. "Usimwambie mtu. Sio rafiki yako, sio mwalimu, sio daktari. Zikijulikana, utarudishwa nyumbani. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nani anajua?"

"Mimi, wewe na mama mkubwa."

Jumatatu akapita. Mwalimu wa zamu alimnyanyua mkono juu wenzake wote waone. "Mnaona? Mwenzenu alirudishwa, akaenda akajitibu, sasa tazameni. Chanda chema huvikwa pete." Pete hakumpa, ila kabla muhula haujafika katikati alimpa beji ya kitambaa na kumfanya kiranja wa usafi. Ikawa Kinanda ndiye anayetangulia kupita kwenye mstari na kutazama kucha za wenzake kabla ya mwalimu.

Nyumbani tulikoma. Alitupanga mimi na mama yake kando ya kitanda, tukanyoosha mikono, akapita na utepe wangu wa kupimia kwa kukosa rula. Mimi nilirudishwa nyumbani mara nyingi kwa sababu ya chaki ya kuchorea vitambaa. Mama yake hakurudishwa hata siku moja. Tulicheka sana siku hizo, na sijacheka vile tena.

Kisha macho yakaanza. Kope zilivimba, zikawa nyekundu, zikachubuka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Ikafuata midomo, halafu shingo, mahali ambapo pumu yake haikuwahi kukaa. Tukasema ni chakula. Tukamwondolea mayai. Tukamwondolea maziwa, kisha samaki, kisha karanga. Nikabadilisha sabuni ya kufulia, nikatupa mto wa manyoya. Kila tulipomwondolea kitu alipungua, na macho hayakupungua. Jirani akaja mlangoni kunikumbusha kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Nilimuuliza kwani kuna aliyeficha nini, nikamwambia akapike kwake. Nilisema hivyo nikiwa najiamini kabisa.

Kwenye zahanati tabibu alitazama kope kwa kurunzi. Nje foleni ilikuwa imefika barabarani.

"Kuna kitu kipya nyumbani? Sabuni, mafuta, rangi, dawa yoyote?"

"Hakuna," mdogo wangu akajibu.

Nilimgeukia. Alikuwa anamtazama tabibu machoni, na hakuwa anadanganya kwa jinsi alivyojua yeye. Jeli ilikuwa kwenye vidole, ugonjwa ulikuwa kwenye macho. Kwake hivyo vilikuwa vitu viwili vinavyokaa mitaa tofauti. Wateja wake aliwapaka kila siku na hakuna aliyevimba macho. Kinanda alikuwa amekaa juu ya mikono yake. Tukapewa mafuta, tukarudi.

Kucha haingoji. Ilikua, jeli ikaachia nafasi pale kwenye nyama, na katika nafasi hiyo vishimo vikachungulia. Kila ilipotokea hivyo mdogo wangu alifungua mkoba Jumapili, akapiga tupa, akajazia. Kinanda aliacha kulalamika kuhusu taa. Tukadhani amezoea.

Asubuhi moja aliniletea shati la sare. "Mama mkubwa, nifunge vifungo."

"Kiranja mzima hujui kufunga kifungo?"

"Leo nifunge wewe."

Nikamfunga huku namtania. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Kikombe alikishika kwa viganja viwili, kama mtu anayeota moto. Nilimwona anaandika kazi ya shule penseli imelazwa kati ya vidole karibu kabisa na kiganja, herufi zinatambaa nje ya mstari, nikamwambia mwandiko wake siku hizi umelewa. Akatabasamu. Nasema wazi, mtoto yule alitabasamu.

Siku aliyoamka na homa, mama yake alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Nilikuwa namvisha sweta, mkono wake ukakwama kwenye shono, nikauvuta kwa kidole gumba. Alipiga ukelele ambao sijausikia hata kwa mwanamke anayejifungua. Nikaupeleka mkono mlangoni kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa zimejaa, zimekaza, ngozi inang'aa. Kucha zilikuwa bado za waridi na nzuri kwa juu, lakini pembeni zilikuwa zimeachana na nyama, na chini yake kulikuwa na rangi ya kijani. Kulikuwa na harufu. Nilikuwa nimeisikia kwa siku kadhaa na nikadhani ni panya aliyekufa nyuma ya kabati.

Nikamfunga kwenye shuka nikambeba mgongoni, na njia ya hospitali inapita mbele ya saluni. Sikuingia, nilisimama mlangoni. Mdogo wangu aliona mkono uliokuwa unaning'inia begani kwangu, akaacha mteja na vidole vyake chini ya taa. Alitoka mbio, na mkononi alikuwa na chupa ya kuyeyushia jeli na pamba.

"Mweke hapa kwanza, dada. Nizitoe haraka. Wasije wakaziona."

Nimemlea mdogo wangu tangu mama yetu alipofariki, na sijawahi kumpiga. "Ukimgusa hicho kidole," nilimwambia, "nitakuvunja chako." Chupa ilianguka pale kizingitini, ikavunjika, nasi tukaenda.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imefungwa uzi. Hakupandisha sauti. Aliuliza kucha zimewekwa lini, zimejaziwa mara ngapi, nani kaziweka.

"Mimi," mdogo wangu akasema. "Ndiyo kazi yangu."

Walimchoma Kinanda sindano za ganzi, wakazing'oa kucha. Si zote, lakini nyingi. Tulisubiri kwenye benchi la ukumbini, mdogo wangu anatazama sakafu na mimi namtazama yeye. Daktari alipotoka alikaa katikati yetu, nadhani aliona ni salama zaidi.

"Haikuwa fangasi," alisema. "Tangu mwanzo haikuwa. Ile ilikuwa pumu yenyewe ya ngozi. Kucha inatengenezwa hapa, ndani ya ngozi, nyuma ya hii nyama ya shina la kucha." Alionyesha kwenye kidole chake mwenyewe. "Ngozi hii ikiwaka, kucha inatoka na vishimo, au na mifereji. Haimwambukizi mtu. Mngeituliza ngozi ya mikono kwa mafuta na dawa yake, kucha zingekua zikatoka safi zenyewe. Ingechukua miezi, lakini zingetoka."

"Zenyewe?" mdogo wangu akauliza.

"Zenyewe. Jeli mwili wake umeikataa. Kila aliposhika jicho, jicho lilivimba. Aliposhika mdomo, mdomo. Na kucha ilipokuwa inaachia, uchafu ukaingia chini na ukafunikwa humo."

"Zitaota tena?"

"Nyingi zitaota, ingawa zinaweza zisiwe nzuri. Za kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia, mzizi umeshaoza. Hizo msizingoje."

Ni vidole vya penseli hivyo. Ni vidole vya sindano pia, na vya kufungia vifungo. Nilikaa nikavitazama vyangu, na hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa hata sikujua nianze na nani.

Jioni daktari alipita wodini akamuuliza Kinanda kwa upole, "Mbona hukusema zinauma? Zimeuma siku nyingi hizi."

Kinanda alimtazama mama yake kwanza, kama anaomba ruhusa. "Mtu angejua, ningerudishwa nyumbani."

Mdogo wangu hakwenda tena saluni wiki ile. Alilala sakafuni kando ya kitanda, alimlisha Kinanda kwa kijiko, akampaka mafuta viwikoni na magotini kama daktari alivyoagiza. Macho yalifunguka siku ya tatu. Kope zilikauka, midomo ikarudi kuwa midomo. Tukamrudishia mayai, akala kama mtu aliyetoka jela. Uso wake haukuwahi kupendeza vile, na mikono yake miwili ilikuwa mafundo ya bendeji. Usiku na mchana haikucheza juu ya blanketi, na sikumwita Kinanda hata mara moja.

Jumamosi akaja mwalimu wa zamu. Nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilikuwa nimeyapanga wiki nzima kama ninavyopanga vipande vya gauni kabla ya kushona, la kwanza, la pili, na la mwisho la kumtoa machozi. Aliingia na mfuko wa machungwa na ile beji ya kitambaa, ameifua na kuipiga pasi. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kiranja wangu. Darasa zima linakusalimia. Nimesikia umeumia vidole, nikasema lazima nije mwenyewe."

Mtoto alipomwona tu, mikono yote miwili ikaingia chini ya shuka. Aliisukuma ndani kwa nguvu, na nikaona uso wake unavyokunjamana kwa maumivu, lakini hakuitoa.

"Usifiche," mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mapenzi kabisa. "Nionyeshe tu kidogo."

"Bado hazijawa tayari, mwalimu. Mama atanitengenezea zingine kabla ya Jumatatu."

"Zingine? Zingine zipi?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika chungwa aliloanza kulimenya. Akaliweka chini, akaificha mikono yake kwapani. Mwalimu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaitazama beji aliyoishika. Niliona pale alipoelewa, na yale maneno yangu niliyoyapanga wiki nzima yakaniishia mdomoni.

"Zitakuwa safi," mtoto akasema haraka. "Usinirudishe nyumbani."

Nesi alikuwa ametuonya mikono isibanwe. Nikafunua shuka, nikaitoa polepole, mmoja halafu mwingine, nikailaza juu ya mto. Nilidhani atairudisha ndani. Hakuirudisha. Aliinyoosha mwenyewe mbele ya mwalimu, migongo juu, akajitahidi kuviachanisha vidole ndani ya bendeji, akangoja akaguliwe.